Waliokusanywa na Waliokuja

Mvua inayonyesha Mpanda haiendi njia moja. Ikianguka kaskazini ya mji, huteremka kwenye vijito vinavyoingia Mto Ugalla, kisha Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, na kwa mlango wa Lukuga hufika Mto Kongo na mwishowe Bahari ya Atlantiki. Ikianguka upande wa pili, huingia Mto Katuma, ikapita Sitalike, ikatanda katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ikachukuliwa na Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mji umekaa katikati ya mikondo hiyo miwili, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na misitu ya miombo ambayo mgeni huipita kwa saa nyingi kabla hajaona paa la bati. Hapana bandari hapa, hapana makutano ya mito mikubwa. Hata njia kuu ya misafara ya karne ya 19, ile ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, ilipita mbali kaskazini.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini kuna mji mahali hapa, ardhi peke yake haikupi jibu. Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa muda mrefu, na kila nikirudi kwenye historia ya Katavi naona jambo lilelile. Hii ni nchi ya watu waliokusanywa. Mara baada ya mara, mtu mwenye mamlaka aliyekaa mbali ametazama ramani ya magharibi, akaona nafasi tupu, akaamua watu fulani wawekwe pale au waondolewe pale. Jambo jipya kabisa la miaka yetu ni kwamba watu sasa wanakuja wenyewe, bila kuitwa na bila kupelekwa, na wanakaa kwenye viunga vya mji ambavyo havikutayarishwa kuwapokea.

Ile nafasi haikuwa tupu tangu mwanzo. Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Watongwe waliishi humu kwa kutawanyika, na kutawanyika kwao kulikuwa na akili. Udongo wa miombo huchoka upesi. Ukilima miaka michache inakubidi uuache upumzike, uhamie kando, uchome majani, uanze upya. Asali, nyama ya porini na uyoga wa masika vilijaza pale ambapo uwele na muhogo havikutosha. Mtu mmoja alihitaji nchi kubwa, na nchi ilikuwepo.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliamua kwamba njia ya kuwaokoa watu wa magharibi na mbung'o ni kuwatoa katika vitongoji vyao vya mbalimbali na kuwakusanya mahali pamoja. Hoja yenyewe ilieleweka: watu wengi wakilima pamoja, vichaka hupungua, na mbung'o asiye na kivuli hufa au huhama. Maisha mengi yaliokolewa, sitalikana hilo. Lakini kule walikotolewa, pori lilirudi. Mashamba ya zamani yakafunikwa na miti, makaburi yakapotea, na baada ya miaka kadhaa ofisa aliyepita na ramani yake aliandika kwamba hapa hakuna mtu. Sehemu kubwa ya nchi iliyokuja baadaye kuitwa hifadhi, msitu wa akiba au eneo linalofaa kupokea wageni ilikuwa nchi iliyoondolewa watu wake kwa amri. Ninalirudia hili kila ninaposikia mtu akisema Katavi ni pori la asili lisiloguswa. Limeguswa sana, na mikono mingi.

Mwaka 1934 madini ya risasi yaligunduliwa karibu na mahali uliposimama mji wa leo. Yalingoja mpaka Vita Kuu ya Pili ikaisha, Ulaya ikawa inajijenga upya na kuhitaji risasi kwa betri, nyaya na rangi. Hapo kampuni ya Uruwira Minerals ikaingia kazini, na serikali ya kikoloni ikakubali kujenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, mpaka Mpanda: kilomita 210 kupitia mabonde ya Ugalla, nchi ambayo karibu haikuwa na kijiji kilichobaki njiani. Kufikia mwaka 1950 treni ilikuwa inafika. Risasi ya Mpanda ikawa miongoni mwa madini makuu ya Tanganyika baada ya almasi na dhahabu.

Mji ulizaliwa hapo, mwisho wa reli. Palikuwa na nyumba za wazungu wa mgodi, kambi ya vibarua, stesheni, maduka ya Wahindi na Waarabu, na pembeni yake vijumba vya watu waliofuata mshahara au waliofuata waliofuata mshahara. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ilikuwa na umri wa miaka kumi tu, na Uhuru ulikuwa bado mwaka mmoja.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu tunao mfano wa kupimia. Katika miaka hiyohiyo ya baada ya vita, Waingereza walijenga reli nyingine kusini, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile iling'olewa. Watu wa kusini walibaki na tuta lisilo na chuma juu yake. Reli ya Mpanda nayo ilikuwa imepoteza sababu yake, na kwa hesabu ya mhasibu ingeweza kung'olewa vilevile. Haikung'olewa. Naamini ilibaki kwa sababu miaka kumi ilikuwa imetosha watu kuifanya yao. Watu wa Mpanda walikuwa wanakwenda nayo Tabora kutafuta matibabu na shule, walikuwa wanasafirishia asali, mbao na tumbaku, na wakati wa masika, barabara zilipogeuka tope, hapakuwa na njia nyingine ya kufika kokote. Mgodi ulikuwa umeondoka na watu wamebaki, nao ndio waliokuwa mzigo wa reli kwa nusu karne iliyofuata. Yeyote aliyewahi kupanda treni ya Mpanda anajua maana yake: behewa limejaa mpaka mlangoni, magunia ya mahindi chini ya viti, kuku, ndoo, mtoto amelala juu ya begi la mtu asiyemjua, na katika kila kituo kidogo akina mama wanakuja dirishani na karanga, viazi na maboga ya kuchemsha.

Kabla treni haijafika mwisho, inapita Katumba. Ningependa kukaa hapo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu sijui mahali pengine katika Tanzania ambapo kiunga cha mji kina hadithi nzito kiasi hicho.

Mwaka 1972 serikali ya Burundi chini ya Michel Micombero iliwaua Wahutu kwa idadi ya kutisha, hasa waliokuwa wamesoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Waliosalimika walivuka mpaka kuingia Kigoma maelfu kwa maelfu. Tanzania haikuwaacha wakae mpakani. Ilitazama ramani, ikaiona ile nafasi. Makazi ya Ulyankulu yakafunguliwa Tabora, Katumba yakafunguliwa Mpanda mwaka 1973, na Mishamo, makubwa kwa eneo kuliko yote, kilomita za mraba zaidi ya elfu mbili, yakafuata mwaka 1978. Si mara ya kwanza: milima ya Mwese, magharibi ya Mpanda, ilikuwa imekwisha kuwapokea wakimbizi wa Kinyarwanda katika miaka ya 1960. Ukiziweka alama hizo zote kwenye ramani moja, utaona wilaya moja ya pembezoni ikibebeshwa huruma ya taifa zima, na ikiibeba.

"Sisi, mwanangu, wengine tuliletwa na malori, wengine na treni," bibi mmoja aliniambia Katumba, nilipomwamkia na kukaa naye chini ya mwembe wake. "Tulishushwa, tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Tukatazama, tukaona miti. Miti tu." Nikamuuliza waliogopa nini zaidi. Hakutaja simba. Alitaja mbung'o na kimya.

Kila familia ilipewa shamba, jembe, mbegu na chakula cha kuwafikisha mavunoni. Barabara zilichorwa zikiwa zimenyooka, vijiji vikapewa nafasi sawasawa, visima vikachimbwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS walisimamia miaka ya mwanzo. Ndani ya miaka michache makazi yalikuwa yanajilisha, na baada ya hapo yakawa yanalisha wengine. Mahindi, maharage na muhogo wa Katumba vikaingia soko la Mpanda. Tumbaku ikakaushwa kwenye mabani na kupanda treni. Mji wa Mpanda, uliokuwa umeachwa na mgodi bila kazi ya kufanya, ulipata riziki mpya, na riziki hiyo ilitoka kwa watu ambao kisheria hawakuruhusiwa hata kuja mjini kwa hiari yao.

Mkimbizi wa makazi alihitaji kibali kutoka. Mkuu wa makazi ndiye aliyekitoa, chenye tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Kwenda Mpanda kuuza debe mbili za maharage, safari ya asubuhi na jioni, kulihitaji karatasi. Kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma kwa Kiswahili, akaimba wimbo wa taifa la Tanzania kila Jumatatu mstarini, alikuwa mgeni akivuka mpaka wa makazi. Hivyo ndivyo kiunga cha kwanza kikubwa cha Mpanda kilivyokuwa: kinaulisha mji, kinatazamana nao, na kati yao kuna karatasi.

Mwaka 2007 serikali ilifungua mlango ambao nchi chache duniani zimewahi kuufungua. Wakimbizi wa mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, walikuwa kama 218,000 katika makazi yale matatu. Waliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Wanne kati ya kila watano wakachagua Tanzania, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Ninajivunia jambo hilo kama Mtanzania, na nadhani hatulisemi vya kutosha.

Lakini lilikuja na sharti. Raia wapya walitakiwa wahame, watawanywe katika mikoa mingine, na makazi yafungwe. Baada ya miaka thelathini na tano ya kuambiwa kaa hapa usitoke, wakaambiwa sasa toka usikae hapa. Mpango ulikwama, vyeti vya uraia vikazuiliwa, na kwa miaka kadhaa watu hawakujua wao ni nani wala wako wapi. Nani anajenga nyumba ya tofali za kuchoma kwenye ardhi aliyoambiwa ataiacha? Nani anapanda mwembe? Nani, akiwa ofisini, anapeleka fedha ya darasa jipya mahali palipoandikwa kwamba patafungwa? Mwishowe serikali ilibadili uamuzi. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Ukifika Katumba leo unaweza kuzitambua kwa macho nyumba za kabla na za baada ya uamuzi ule. Za baada zina msingi wa mawe.

Sasa Katumba ni sehemu ya Halmashauri ya Nsimbo, na kwa maisha ya kila siku ni kiunga cha Manispaa ya Mpanda. Bodaboda zinakwenda na kurudi tangu alfajiri. Mgonjwa aliyezidiwa anapelekwa hospitali ya mjini. Mwanafunzi amepanga chumba mjini na anarudi kwao mwisho wa wiki kuchukua unga. Mpaka wa halmashauri unapita katikati ya maisha hayo, na anayeuona ni mhasibu peke yake.

Mkoa wa Katavi ulitangazwa mwaka 2012, ukakatwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Mwaka huohuo sensa iliwakuta watu 564,604 katika mkoa mzima. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 1,152,958. Ni ongezeko la asilimia 7.1 kila mwaka, wakati taifa zima lilikuwa linaongezeka kwa asilimia 3.2. Mji wenyewe ulitoka kama watu 102,900 ukafika zaidi ya 245,000. Uzazi peke yake hauwezi kuleta hesabu kama hizo, hata kwa watu wanaopenda watoto kama sisi. Watu wamekuja.

Wafugaji wa Kisukuma wamekuja na ng'ombe na majembe ya kukokotwa, wakifuata malisho na udongo mweusi wa mbugani unaofaa mpunga. Wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu ya Dirifu na Ibindi, na nyuma yao wenye makarasha, mama lishe na wauza mitumba. Wafanyabiashara wamepanda kutoka Sumbawanga, wameshuka kutoka Kigoma na Kahama. Watumishi wa serikali wamehamishiwa, na hao peke yao ndio wanaofanana na watu wa zamani, kwa maana walipelekwa. Ofisi ya mkuu wa mkoa, mahakama, benki na hospitali ya rufaa vinahitaji watu, na watu wanahitaji vyumba.

Ukitaka kuona mji unavyokua, usiende penye ofisi. Nenda Ilembo, Nsemulwa, Makanyagio, Misunkumilo, kisha uendelee mpaka Kasokola na Magamba. Mambo huanza na shamba la muhogo. Mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa, anakata kipande kimoja, anakiuza kwa mwalimu aliyehamia. Mwenyekiti wa mtaa anaandika karatasi, mashahidi wanne wanatia sahihi. Mwaka wa pili anauza vipande viwili. Mwaka wa tano shamba limekwisha na njia ya mbuzi imekuwa barabara ya mtaa, nyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto halipiti na bomba la maji halina pa kulala bila kupita chini ya ukuta wa mtu. Ndipo wapimaji wanakuja na zoezi la urasimishaji, wanaweka mawe ya mipaka, wanawaomba watu wasogee kidogo, na kila mtu anamtaka jirani yake ndiye asogee.

Wengi hulaumu ujenzi huo na kuuita holela. Mimi siwezi kuulaumu wote. Kwa karne nzima nchi hii ilipangwa vizuri sana na watu wasioishi ndani yake. Barabara za Katumba zilinyooka, na mtu hakuruhusiwa kuzifuata mpaka mwisho. Njia zilizopinda za Nsemulwa zimechorwa na miguu ya watu waliojua wanakwenda wapi: kisimani, sokoni, kanisani, msikitini, kwa shangazi. Ukija kuzinyoosha, ziheshimu kwanza. Lakini siwezi pia kujifanya sioni gharama. Choo cha shimo na kisima kifupi vikikaa katika kiwanja kimoja cha mita ishirini kwa ishirini, kipindupindu hakihitaji mwaliko.

Na gharama kubwa zaidi haiko mjini. Iko mtoni. Kata za Kakese na Mwamkulu zimo ndani ya Manispaa, lakini ukifika kule unaona majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Mchele wao unaliwa Mpanda na unasafirishwa mbali. Mpunga unataka maji, na maji yale ni ya Katuma na vijito vyake. Wakulima wa juu wamejenga mabanio ya magogo na viroba vya udongo kugeuza mkondo kuelekea mashambani. Chini yao, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, mto huohuo ndio uhai wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 mpaka kilomita za mraba 4,471. Kiangazi kikikaza, viboko wa Sitalike wanabanana katika dimbwi moja la tope, mamia kwa pamoja, wakiumizana. Watalii hulipiga picha jambo hilo kama ajabu ya maumbile. Kiangazi chenyewe ni cha maumbile, lakini urefu wa ukame wa mto tumeuongeza sisi. Mto uliokuwa ukitiririka miezi mingi sasa hukatika mapema, na serikali imewahi kubomoa mabanio hayo, yakajengwa tena.

Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju ambao wenyeji wanasema umebeba mzimu wa Katabi, mwindaji aliyeipa nchi hii jina lake. Watu waliweka chini yake sadaka ndogo wakiomba mvua na mawindo. Nafikiria jinsi heshima ile ilivyomfunga mwindaji na mkulima pamoja: waliomba kwa mmoja, kwa hiyo walijua wanagawana kimoja. Leo mwenye jaruba la Kakese anasikia habari za hifadhi kutoka kwa askari mwenye bunduki, na mhifadhi anasikia habari za Kakese kutoka kwenye ripoti. Simlaumu mkulima peke yake. Alikuja mahali ambapo hakuna aliyemwambia maji yana mwenyewe mwingine, na mtoto wake anakula wali wa jaruba lile.

Kuna mfano tofauti katika mkoa huohuo, na ningependa wapangaji wa mji waende kuutazama. Katika Wilaya ya Tanganyika, kwenye milima ya Ntakata, vijiji vinane vina misitu yao wenyewe, yenye mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi. Vinaitunza, walinzi wa kijiji wanaizungukia, na hewa ya ukaa inayobaki ndani ya miti inauzwa kwenye soko la dunia. Fedha zinarudi kijijini, na mkutano wa kijiji ndio unaoamua kama zijenge zahanati, madarasa au bweni la wasichana. Nje ya mipaka hiyo watu wanalima, ndani hawalimi, na sababu wanaijua kwa sababu wameiamua. Kijiji cha Katuma ni kimojawapo. Kwa hiyo wapo watu wa jina lileile la mto ambao hawakungoja amri ya kuutunza.

Mambo mengine yanakwenda kasi kuliko mawazo yetu. Kwa miongo mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na umeme wa gridi ya taifa ulibidi uvutwe kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, katika pori lilelile la Wakonongo. Barabara ya lami imeunganisha mji na Tabora na Sumbawanga, na safari ambayo masika iliweza kuchukua siku kadhaa sasa ni ya kutwa moja. Uwanja wa ndege una lami. Na magharibi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini, imejengwa bandari mpya Karema, inayotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Karema si ngeni kwa kupokea mipango ya mbali. Wabelgiji waliweka kituo pale mwaka 1879 kwa jina la mfalme wao Leopold, kisha wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Mtu ninayempenda zaidi katika historia ya Karema ni Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, na akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu wa ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliletwa na shirika, kwa mpango wa shirika. Akabaki miaka sitini na saba kwa sababu zake mwenyewe, akaoa hapo na kuzikwa hapo.

Mipango ya kuifikisha reli mpaka Karema imezungumzwa kwa miaka. Ikitimia, Mpanda haitakuwa tena mwisho wa reli, na hilo litageuza kila kitu kinachohusu bei ya ardhi. Mizigo ya Kongo itapita. Watakaotaka maghala, vituo vya malori na nyumba za wageni watatafuta ardhi tambarare kando ya njia, karibu na mji lakini si ndani yake. Ardhi ya namna hiyo ipo, na ina watu: iko Katumba, iko Magamba, iko Kakese. Wengi wa hao watu hawana hati. Wana karatasi ya mwenyekiti, au kumbukumbu ya kugawiwa na mkuu wa makazi mwaka 1973, au jaruba walilolichimba kwa mikono yao.

Ninachokitaka kabla ya tingatinga la kwanza ni kazi ya ofisini, isiyopigiwa ngoma. Manispaa ya Mpanda na Halmashauri ya Nsimbo zikae meza moja na zichore ramani moja ya mji na viunga vyake, mto Katuma ukiwemo kuanzia juu mpaka lango la Sitalike. Mkutano wa kila mtaa na kila kijiji uisome kabla haijatiwa sahihi. Na hati za Katumba zitangulie, kwa sababu wale wamekwisha kuhamishwa mara moja kwa mauaji na wakatishiwa mara ya pili kwa barua, na tajiri wa maghala hatawangoja.